Shangazi, nisaini au nijitoe kwenye bodi?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Tabata, na kazi yangu ni ofisa rasilimali watu katika kampuni ya mizigo karibu na bandari. Jambo ninalokuandikia siwezi kumweleza mtu kazini, na nyumbani mume wangu akilisikia jibu lake ni moja tu: "Si nilikwambia?"

Kuna shirika dogo kule Temeke linalosaidia vijana kupata kazi. Linawafundisha kuandika CV na barua ya maombi, linawaandaa kwa usaili, linawaelekeza namna ya kutuma maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na baadhi yao linawatafutia nafasi za utarajali, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, kwenye makampuni. Mwanzilishi wake ni mzee aliyenifundisha sekondari. Ndiye aliyenipatia kazi yangu ya kwanza. Aliniandikia barua kwa mkono wake, akanisindikiza mpaka getini. Kwa hiyo aliponipigia simu kunitaka niingie kwenye bodi ya wadhamini, sikuuliza swali hata moja. Nikapeleka picha ndogo na nakala ya kitambulisho cha NIDA, nikajaza fomu za RITA, wakala wa serikali unaosajili bodi za wadhamini, mambo yakaisha.

Tupo watano. Mzee ni mwenyekiti. Makamu wake ni mfanyabiashara mwenye kampuni ya usafi na ulinzi. Kuna mama mmoja mstaafu asiyependa mabishano, kuna mchungaji aliyehamia mkoani ambaye amebaki jina kwenye karatasi, na mimi. Mkurugenzi anayeendesha ofisi ni mtoto wa mdogo wake Mzee. Tunakutana Desemba. Mkurugenzi anasoma taarifa, tunapiga makofi, tunakula pilau, halafu kila mmoja anapewa bahasha ya nauli ambayo ingenitosha kuchukua bajaji kwenda na kurudi Temeke wiki nzima. Muhtasari wa kikao unaletwa baadaye tuusaini.

Mwezi uliopita nilipita ofisini kwao bila kuwaambia. Nje kwenye benchi alikaa binti mmoja, tukaanza kuzungumza. Akaniambia yuko "utarajali" wa miezi sita kwenye kampuni ya makamu mwenyekiti. Kazi yenyewe ni kusafisha ofisi za watu mjini, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa alasiri, siku sita kwa wiki, bila mshahara wala nauli. Mwisho wake ni cheti. Kundi lililomtangulia lilimaliza hivyohivyo, hakuna aliyeajiriwa, wakaingizwa wao. Na kabla ya yote hayo alilipa shilingi 15,000 za fomu. Shangazi, habari ya fomu ya kulipia sijawahi kuisikia kikaoni, na kwenye taarifa ya mapato haimo.

Nikiwa bado sijalimeza hilo, ukaja ujumbe kwenye grupu letu la WhatsApp. Mfadhili kutoka Uingereza amekubali kutupa fedha za miaka mitatu, na mkataba unatakiwa uwe na saini za wadhamini wote kabla ya mwisho wa mwezi. Ndani yake kuna ukurasa wa kuthibitisha kwamba hakuna mjumbe wa bodi anayenufaika binafsi na kazi za shirika. Mkurugenzi ameandika: "Dada, pita usaini tu, wengine wameshamaliza." Grupu hilohilo ndimo anamotupia CV za vijana, na namba zao za simu na za NIDA, ili "mwenye nafasi achukue".

Nilimgusia makamu kwa simu, akacheka. Akasema mimi ni mtu wa rasilimali watu, najua vijana wanahitaji uzoefu. Na siwezi kusema shirika halina faida. Wapo waliotoka pale wakapata kazi za maana, hata kampuni yetu iliwahi kuchukua wawili, nami nilikuwa kwenye jopo la usaili.

Naomba unisaidie. Nisaini? Niandike kwenye grupu kwamba nimejitoa, niwaachie wenyewe? Na Mzee nitamtazamaje usoni?

Mdhamini wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi haukusubiri umalize kusoma. Ule ukurasa unakutaka uthibitishe jambo ambalo wewe mwenyewe unajua si kweli. Kabla ya kukaa na yule binti ungeweza kusema hukuwa na habari. Sasa unazo, na umeshamtajia makamu, kwa hiyo hata yeye anajua kwamba unajua. Siku mfadhili akileta wakaguzi, hawatauliza nani alipita ofisini akiwa na haraka. Wataangalia saini. Kusajiliwa kwa bodi kunaifanya iweze kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Hakumpi mdhamini mmojammoja kichaka cha kujifichia kwa alichofanya, au alichokiona akakiacha kiendelee.

Na usijitoe, angalau si leo, na kamwe si kwa ujumbe wa grupu. Hili watu wengi hawalijui. Jina lako liliingia kwenye kumbukumbu za RITA, kwa Kabidhi Wasii Mkuu anayeiongoza, na halitatoka huko kwa sababu umebonyeza "ondoka kwenye grupu". Mpaka shirika lipeleke rasmi taarifa ya mabadiliko ya wadhamini, kwenye karatasi za serikali wewe bado upo, kama alivyo yule mchungaji wenu wa mkoani ambaye huenda anadhani alishaondoka zamani. Ukitoweka kimya utabaki na dhima bila sauti. Tena, ukitoka wewe, nani atamuuliza makamu? Mama mstaafu?

Nikuambie ninavyoona bodi nyingi za mji huu zinavyoundwa. Mwanzilishi anatafuta watu wanaomheshimu, maana fomu zinataka majina. Anapata mwanafunzi wake, jirani yake wa msikitini au kanisani, na tajiri mmoja wa kutoa turubai na viti siku ya mahafali. Hakuna nia mbaya. Lakini watu waliochaguliwa kwa sababu hawatauliza, hawaulizi. Kazi inaenda hivyo miaka kumi bila shida yoyote, mpaka siku fedha za maana zinapoingia.

Sasa tuje kwa makamu, maana hapa ndipo penye uzito.

Alichokuambia kuhusu uzoefu ni kweli kabisa, na ndiyo maana kinateleza vizuri mdomoni. Kijana wa Mbagala au Tandika aliyemaliza chuo akiambiwa kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili, ataupata wapi? Utarajali ni jibu la haki kwa swali hilo, na serikali yenyewe ina mwongozo wake. Lakini wewe ni mtu wa rasilimali watu, unajua utarajali unavyofanana. Una mkataba wa maandishi, una msimamizi, una mpango wa nini kijana atajifunza mwezi wa kwanza na nini mwezi wa tatu, mara nyingi una posho ya kujikimu, na kijana haingii kujaza nafasi ya mfanyakazi aliyepaswa kulipwa. Kupiga deki kunajifunzwa siku ngapi? Miezi mitano inayobaki ni ya nini?

Fuata fedha. Mwenye ofisi ile ya mjini anailipa kampuni ya makamu kwa usafi, kila mwezi, kwa ankara. Anayefanya usafi ni binti ambaye halipwi. Tofauti inabaki mfukoni mwa mtu anayekaa kwenye bodi ya shirika lililomleta huyo binti. Huo ndio unufaikaji binafsi ambao ukurasa wa mfadhili unauuliza, wala hauhitaji mwanasheria kuufafanua.

Halafu kuna sheria ya kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, imeweka vigezo ambavyo kimojawapo tu kikitimia, mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama karatasi inamwita jina jingine. Kupangiwa namna ya kufanya kazi ni kimoja. Kupangiwa saa ni kingine. Kingine ni kumfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Hesabu mwenyewe: saa kumi na moja alfajiri hadi saa tisa alasiri ni saa kumi. Yule binti anazimaliza saa 45 za mwezi ndani ya siku tano. Akiwa mwajiriwa machoni pa sheria, basi anadai mshahara usiopungua kima cha chini, na anayedaiwa ni kampuni ya makamu mwenyekiti wenu. Na swali litakalofuata ni nani aliyempeleka pale.

Sisemi waajiri wasikae kwenye bodi. Shirika la ajira lisilo na mwajiri hata mmoja kwenye bodi litafundisha vijana CV za mwaka 1995. Makamu anaweza kuwa na faida kubwa kwenu, ila kwa utaratibu: anatangaza maslahi yake kwa maandishi, jambo la kampuni yake likifika mezani anatoka chumbani, hapigi kura, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Kampuni yake inapewa vijana kwa masharti yaleyale ambayo ingepewa kampuni nyingine yoyote, posho ikiwemo. Akikubali, abaki. Akisema masharti hayo hayamlipi, amewajibu.

Na wewe una lako. Umelitaja mwishoni mwa barua kama jambo dogo: vijana wawili waliochukuliwa kwenu, wewe ukiwa kwenye jopo. Inawezekana walistahili kabisa, na huenda hukupata hata soda. Lakini ulikaa pande mbili za meza. Litangaze la kwako kwanza, kabla ya kufungua mdomo juu ya la mwenzako. Kwanza ni haki. Pili, kitu cha kwanza atakachokurushia makamu ni hicho, na hutaki akirushe kikiwa bado mkononi mwake.

Shilingi 15,000 za fomu nitazipitia haraka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unazitaka hata wakala za biashara zisimtoze mtafuta kazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Nyinyi mnaitwa shirika la hisani. Zaidi ya hapo, kwetu mtu anayewaunganisha watafuta kazi na waajiri kama wakala anatakiwa asajiliwe chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na mkianza kupokea hela za fomu mnaanza kufanana naye. Mwulize mkurugenzi swali moja tu: hizo hela zinalipwa kwenye lipa namba ya nani? Usilainishe, usilipambe. Jibu la swali hilo litakuonyesha kama mna tatizo la utaratibu au mna tatizo jingine kabisa.

CV kwenye grupu zikome leo usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Namba ya NIDA na namba ya simu ya kijana asiye na kazi ndizo matapeli wa "ajira za nje" wanazozitafuta. Hili unaweza kuliandika grupuni sasa hivi kwa upole, hakuna atakayenuna.

Bahasha ya Desemba? Kurudishiwa nauli uliyotumia hakuna ubaya. Bahasha inayopita nauli ni malipo, hata ikiitwa jina gani. Huko Uingereza anakotoka mfadhili wenu, mdhamini wa shirika la hisani kwa kawaida halipwi. Anarudishiwa gharama zake, basi. Watauliza, kwa hiyo ulizaneni nyinyi kwanza.

Tumfikie Mzee.

Nenda kwake kabla ya kikao. Kwetu mtu mzima hashtukizwi mbele ya watu, na aliyekusindikiza mpaka getini hastahili kusikia haya kwa mara ya kwanza akiwa amekalia kiti cha mwenyekiti. Nenda nyumbani, si ofisini, jioni ambayo mkurugenzi hayupo. Mwambie uliyoyaona kama ulivyoyaona, usiongeze jina la kosa. Kitu kama hiki: "Mwalimu, nilimkuta binti mmoja kwenye benchi. Alilipa elfu kumi na tano. Anasafisha ofisi saa kumi kwa siku kwenye kampuni ya makamu, halipwi. Mkataba wa mfadhili unanitaka niseme hakuna mjumbe anayenufaika. Siwezi kuusaini ulivyo. Nitaandika kuomba kikao cha dharura, nimeona usikie kwangu kwanza."

Angalia sentensi ya mwisho. Huendi kumwomba ruhusa, na hii ndiyo sehemu ambayo wasomaji wangu wengi wanaanguka. Mzee atakusikiliza, atasikitika kweli, pengine hakuwa akijua lolote. Kisha atasema, "Niachie mimi, nitaongea nao, tutayamaliza wenyewe." Utafarijika. Utarudi Tabata umelala vizuri kwenye daladala. Baada ya wiki mbili makamu atakuwa ameahidi kubadilika, hakuna kilichoandikwa, na saini yako inadaiwa tena. Kumheshimu ni kwenda kwake kwanza. Kikao kinabaki palepale.

Kuhusu mkurugenzi kuwa mtoto wake, maana mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, hakuna haja ya kumwambia Mzee amfukuze. Kumwajiri ndugu peke yake si kosa. Kosa ni kwamba bodi ndiyo inayompangia mkurugenzi mshahara, inayompima na inayoweza kumwondoa, na kwenu mwenye kufanya hivyo ni baba yake. Mwombe Mzee akae pembeni kwenye hayo tu, wajumbe wengine wayabebe. Wazee wengi wanalipokea hili kuliko tunavyodhani. Linawapunguzia lawama za ukoo.

Baada ya kumwona, andika barua kwa wajumbe wote, pamoja na mchungaji. Kabla hujaiandika soma katiba ya shirika, ujue nani ana mamlaka ya kuitisha kikao cha dharura, notisi ni ya siku ngapi na akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ni wangapi. Kama akidi ni wanne na mchungaji haji, mama mstaafu anakuwa mtu muhimu kuliko alivyowahi kuwa, kwa hiyo mpigie simu. Omba viletwe mezani hesabu zilizokaguliwa, nakala za taarifa za mwaka zilizopelekwa kwa Msajili wa NGO, na marejesho ya wadhamini ya RITA. Wakikuambia vipo vyote, vizuri, utavisoma. Wakianza kutazamana, umepata ajenda nyingine.

Mkataba uombewe muda. Barua itoke kwa mwenyekiti kwenda kwa mfadhili, iseme bodi inapitia suala la mgongano wa maslahi kabla ya kusaini. Mkurugenzi atasema mtaikosa hela. Mfadhili anayeandika ukurasa mzima kuhusu jambo hilo hatashangaa mkimwambia mnalishughulikia. Atakachoshangaa ni kulisikia mwaka wa pili kutoka kwa mtu mwingine. Na muhtasari wa kikao hicho usikubali uletewe baadaye: usomwe palepale, msaini palepale, ondoka na nakala yako.

Kikao kikikataa kukaa, au kikikaa kikaamua mambo yabaki yalivyo, hapo jitoe. Kwa barua yenye tarehe na sababu, nakala RITA, nakala kwa Msajili wa NGO, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mfadhili naye ajulishwe kabla hajatuma fedha. Mzee ataumia, na huenda ukapita muda kabla hamjasalimiana vizuri. Sina dawa ya hilo.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Yule binti ana haki zake mwenyewe, hazisubiri bodi yenu. Anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda ni mfupi: siku 30 kama ameachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi, tangu tatizo lilipotokea. Mtafute, umweleze hivyo. Makamu akijua umemweleza, asikie kwako, kikaoni.